Mbwa wa Kazi: Wa Kununua au wa Kulea?

Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Methali hii ni kongwe katika lugha yetu, na wengi huitumia kwa wanadamu: wakimwona mtumishi mwenye kiburi husema kiburi hicho amekitwaa kwa bwana wake. Lakini aliyeitunga hapana shaka aliwajua mbwa wenyewe. Alikwisha kuona kwamba ukali wa kazi mbwa hazaliwi nao kamili, bali hukamilika kwa yule anayeishi naye. Neno hilo ndilo ninalokusudia kulipima leo, kwa sababu siku hizi huku kwetu kusini mwa Mombasa, tangu Likoni hadi Vanga, limezuka swali ambalo halikuwasumbua babu zetu. Je, mwenye haja ya mbwa wa kazi atoe fedha amnunue mbwa mzima aliyekwisha fundishwa, au atafute kilebu amlee mwenyewe?

Swali hili si la mzaha, wala si la matajiri peke yao. Mkulima wa Matuga, au wa vijiji vilivyopakana na Hifadhi ya Shimba Hills iliyotangazwa mwaka 1968, hupanda mahindi na mihogo yake kisha akahamia shambani kuilinda. Mchana humjia nyani na tumbili. Usiku humjia nguruwe mwitu, ambaye usiku mmoja humtosha kufukua jasho la miezi mitatu. Ndovu simtaji, maana ndovu si kazi ya mbwa. Mkulima huyo hukesha katika dungu akipiga debe, na wanawe hukosa shule msimu wa mavuno kwa kuwa wao ndio wanaowinga. Mfugaji wa Kinango naye ana mbuzi wake, na fisi wanamvizia. Na huko Diani, Galu na Tiwi, mwenye nyumba, mwenye ploti na mwenye hoteli wote wanataka mbwa wa kufuatana na askari wa zamu usiku. Watu watatu, haja tatu, na kila mmoja adhani mbwa ni mbwa.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kabla hata ya kufika kwenye bei. Mbwa wa kuwinga shambani kazi yake ni kubweka, kusukuma hadi ukingoni mwa shamba, kisha kurudi. Akifuata hadi mwituni amekwisha, kwa sababu nyani dume ana chonge zinazoweza kumpasua mbwa aliye peke yake, na kundi lake haliko mbali. Mbwa wa mbuzi kazi yake si kufukuza kabisa. Ni kukaa na kundi, kulala nalo, na kuinuka pale tu adui anapojitokeza. Mbwa wa mlangoni lazima ajue kupambanua mgeni na mwizi, na kumtii mtu mmoja au wawili bila ubishi. Ujuzi wa mmoja ni aibu kwa mwenzake. Mbwa mkimbizaji hodari, ukimtia katika zizi la mbuzi, asubuhi utahesabu maiti.

Kabla sijaendelea, najua yuko msomaji aliyekwisha kunja uso. Atasema: huyu mwana wa chuoni ametoka wapi na habari za mbwa? Kwetu sisi watu wa mwambao, mbwa ni tusi. Mtoto aliyepitia Safina kwa mwalimu wake alijua mapema kwamba najisi ya mbwa ni najisi nzito, na kwamba chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga. Hayo ni kweli, nami siyapunguzi hata chembe. Lakini elimu haisomwi nusu. Katika Suratul Maida, aya ya 4, imehalalishwa nyama ya windo lililokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofundishwa, pindi mwenye kuwatuma alitajapo jina la Mwenyezi Mungu. Katika Suratul Kahf yumo mbwa aliyenyosha miguu yake ya mbele kizingitini mwa pango, akiwalinda vijana wema waliolala. Na katika hadithi zilizopokewa, mtu aliyekatazwa kufuga mbwa ni yule amfugaye bila haja; wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba ametolewa katika katazo hilo. Kwa hiyo mkulima wa Msambweni anayefuga mbwa kwa ajili ya mihogo yake hakuvunja kitu. Aliyevunja ni yule anayemfuga kwa fahari, au anayemfuga kisha akamwacha na njaa.

Jambo ambalo wengi hatukulizingatia ni kwamba vitabu vyetu viliingia hata katika swali hili la kununua na kulea. Madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya watu wetu wengi wa pwani, hayasahihishi uuzaji wa mbwa, awe amefundishwa au hakufundishwa, kwa sababu imepokewa hadithi inayokataza thamani ya mbwa. Imamu Abu Hanifa yeye aliruhusu kuuzwa mbwa mwenye manufaa. Wanavyuoni wa Kishafi waliokuja baadaye wakaona watu wana dharura, wakaeleza njia: anayemiliki haja ya mbwa apewe fedha, si kwa kuwa ni thamani ya mnyama, bali ili aondoe mkono wake na kumwachia mwenzake. Ama kilebu, Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277 alieleza kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kumlea kwa nia ya kumfundisha kazi, ijapokuwa leo bado hajui lolote. Tazama basi hekima iliyomo: kununua kumewekewa mlango mwembamba, na kulea kumefunguliwa wazi.

Lakini nisije nikaonekana namwegemeza msomaji upande mmoja kwa nguvu za vitabu. Hoja za wanunuzi zina uzito, na ni haki zisemwe kikamilifu. Hoja ya kwanza ni wakati. Mwizi hangoji. Mtu aliyevunjiwa nyumba juzi hawezi kuambiwa alee kilebu miaka miwili ndipo alale usingizi, kwani mbwa wa ulinzi hakomai akili wala kifua kabla ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Hoja ya pili ni yakini. Kilebu ni bahati nasibu; mbwa mzima umemwona kwa macho yako kama ni mwoga au ni shujaa. Hata wale wenye ustadi mkubwa wa malezi hawafaulu kwa wote. Chama cha Seeing Eye cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1929 kwa ajili ya kuwapatia vipofu mbwa wa kuwaongoza, huchagua vilebu kwa nasaba na kuwalea kwa uangalifu mno, na hata hivyo wako wengi wasiofuzu, wakapewa kazi nyingine. Ikiwa bingwa anashindwa, seuze mimi na wewe?

Hoja ya tatu ni mfano wa serikali na mashirika. Mbwa wanaonusa pembe za ndovu katika bandari ya Mombasa hawakuokotwa Likoni. Shirika la African Wildlife Foundation lilianza mwaka 2014 mpango wa mbwa wa kuhifadhi wanyamapori, na mbwa wake hununuliwa Ulaya wakiwa wamekwisha kua, kisha hufundishwa Usa River, karibu na Arusha. Watu wa Huduma ya Wanyamapori ya Kenya ni miongoni mwa waliopata mbwa hao. Mnunuzi atasema: mwaona? Wenye kazi ya haraka na nzito hununua.

Naam, hununua. Lakini tuutazame mfano huo mpaka mwisho wake. Mbwa hao hawapelekwi bandarini kama mashine iliyotolewa kwenye sanduku. Askari atakayefanya kazi na mbwa hupelekwa chuoni pamoja naye, wakajifunza wote wawili, huyu akiisoma pua ya yule na yule akiisoma sauti ya huyu. Kipofu wa Seeing Eye vilevile hukaa chuoni majuma kadhaa pamoja na mbwa wake kabla ya kurudi nyumbani. Hawa wote wamenunua mbwa, lakini hawakununua utii. Utii wameuchuma kwa kukaa naye. Mnunuzi wetu wa Ukunda yeye hutoa fedha leo jioni, akamfunga mbwa mtini, akamkabidhi askari gongo asiyejua hata jina la mnyama, kisha akaingia kulala. Akiibiwa asubuhi humlaumu mbwa.

Liko na jambo la lugha, na hapa mimi kama mtu wa lugha siwezi kupita kimya. Mbwa aliyefundishwa huja na msamiati wake. Wengi wanaouzwa kama mbwa waliokwisha fundishwa wamezoeshwa maneno ya Kiingereza, na wengine waliotoka Ulaya wamezoeshwa ya Kijerumani au Kiholanzi. Kisha askari wa zamu ni Mdigo wa Mwabungo au Mduruma wa Samburu, na jina la amri amesikia mara moja tu kutoka kwa tajiri, tena kwa matamshi ya tajiri. Usiku wa manane, pumzi zikiwa juu, hulitamka vingine. Mbwa husimama akimtazama. Si ukaidi, hakusikia neno analolijua. Basi tumejenga ulinzi ambao mlinzi na mbwa wake hawasemezani. Ajabu ni kwamba Kiswahili ni lugha iliyoumbwa kwa kazi hii. Kaa, njoo, acha, lete, nyuma: maneno mawili mawili ya silabi, yenye kumalizika kwa irabu iliyo wazi, yasikikayo mbali hata kukiwa na upepo wa kusi. Ila mtu na ajihadhari asichague amri mbili zinazoanza sauti moja, kama kaa na kamata, maana mbwa hushika mwanzo wa neno kabla hujalimaliza, na tofauti ya maneno hayo mawili ni mguu wa mgeni wako.

Ukishikilia kununua, basi nunua kwa kipimo. Kipimo kizuri kuliko vyote nilivyovisikia ni kile walichokiweka mafakihi karne nyingi zilizopita walipotaka kujua ni mbwa gani anayestahili kuitwa aliyefundishwa. Walisema: akitumwa aende, akizuiwa akome, na akikamata asile windo, bali amwekee bwana wake. Kisha wakaongeza sharti linalosahaulika: mambo hayo yakariri hadi ijulikane ni tabia, si bahati. Katika hadithi ya Adiy bin Hatim, mwana wa yule Hatim aliyesifika kwa ukarimu, imeelezwa kwamba mbwa akila katika windo basi amejiwindia mwenyewe. Pima hivyo hivyo. Usikubali kuonyeshwa mbwa akifanya vitendo uani kwa mwuzaji, mahali anapopajua kila jiwe. Mwombe ampeleke pahali pageni, penye kuku, mbuzi na watoto. Mwone akitumwa, na zaidi mwone akizuiwa, kwa kuwa kumchochea mbwa ni rahisi na kumkomesha ndiko ustadi. Kisha ishike kamba wewe mwenyewe, useme wewe, si mwuzaji. Rudi siku ya pili na ya tatu. Mwuzaji akikataa hayo, hapana biashara.

Mtazame na mwili. Meno yaliyolika hayasemi uwongo kuhusu umri. Mbwa wakubwa wa Kijerumani wanajulikana kwa maradhi ya nyonga, na mbwa asiyeweza kuinuka akiwa na miaka mitano atakulaza macho kwa huruma, si kwa kubweka. Tena Kwale si Nairobi. Huku tuna joto la chumvi, tuna kupe na homa zake, na kandokando ya Shimba Hills tuna mbung'o, ambaye ugonjwa wake humwua mbwa kama unavyomwua ng'ombe. Mbwa wa kigeni aliyezoea baridi huugua upesi, na daktari wa mifugo hayuko kila kijiji. Gharama hiyo haiandikwi katika bei.

Sasa tuje kwa kilebu. Watu husema kulea ni bure. Si bure. Ni uji, ni mabaki ya samaki, ni dawa ya minyoo, ni chanjo, ni saa nyingi za mtu mwenye subira. Lakini malipo yake yako katika siri moja ambayo wataalamu waliithibitisha kwa majaribio marefu na wazee wetu waliijua bila majaribio. Wamarekani wawili, Scott na Fuller, baada ya miaka mingi ya kuwachungua vilebu huko Bar Harbor, walitoa kitabu mwaka 1965 wakaeleza kwamba uko muda mfupi, tangu juma la tatu hadi kama la kumi na mbili la maisha ya kilebu, ambao ndani yake hujua nani ni mwenzake na kipi si cha kuogopa. Atakachokizoea hapo amekizoea maisha. Atakachokikosa hapo kitamsumbua hadi uzeeni. Udongo uwahi ungali maji, walisema wahenga, na kwa mbwa maji hayo hukauka mapema kuliko tunavyodhani. Anayenunua mbwa wa miaka miwili amenunua udongo uliokwisha kauka. Huenda ni mtungi mzuri, lakini umbo lake alilichagua mtu mwingine.

Kwa mbwa wa mbuzi jambo hili halina hata mjadala. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wa asili ya Kituruki wa kulinda mbuzi na kondoo dhidi ya duma na wanyama wengine wakali. Hawawapi mbwa wazima. Huwapa vilebu wa majuma machache, wakatiwa zizini, wakalala na mbuzi, wakakua wakiamini kwamba mbuzi ndio jamaa zao. Mbwa huyo halindi kwa amri. Hulinda kwa udugu. Mfugaji wa Kinango hahitaji mbwa wa Kituruki kufanya hivyo. Ahitaji kilebu cha jike tulivu la jirani, amtie zizini mapema, amlishe hapo hapo, asimzoeshe jikoni wala kucheza na watoto mchana kutwa, na amkemee siku ya kwanza atakapomkimbiza mwana-mbuzi. Asingoje siku ya pili.

Na kwa mkulima, shule ni shamba lenyewe. Kilebu aletwe akiwa na miezi miwili hivi, baada ya kunyonya vya kutosha. Atembezwe mipaka ya shamba kila asubuhi na jioni kwa kamba, njia ile ile, mpaka ajue kwamba huu ndio mwisho wa dunia yake. Aitwe jina moja, na jina hilo lisitumiwe kumkaripia, kwani mbwa anayesikia jina lake pamoja na fimbo hujifunza kukimbia akiitwa. Akibweka nyani wakija, asifiwe na apewe kitu. Akivuka mpaka aitwe, na akirudi asipigwe hata kama umekasirika, maana utakuwa umemwadhibu kwa kurudi. Afanye kazi pamoja na mbwa mkubwa aliyezoea, ikiwa yuko. Mbwa mzee ni mwalimu asiyedai mshahara. Hii ndiyo iliyokuwa desturi ya wasasi wetu. Unguja na Pemba wasasi wamewasaka nguruwe mwitu wa mashambani kwa mbwa vizazi na vizazi, nao ni Waislamu wanaoijua Safina kama tuijuavyo, na vilebu wao hujifunza kwa kufuatana na wakubwa.

Wako watakaodharau na kusema mbwa wetu wa kienyeji hafai kitu, ni mbwa koko tu. Walowezi walimwita mbwa wa kishenzi, nasi tukalipokea tusi hilo pamoja na mengine. Lakini mbwa wa namna hiyo hiyo, aliyechukuliwa Kongo na kufikishwa Uingereza katika miaka ya 1930, sasa anafugwa na matajiri duniani kote kwa jina la Basenji, jina lenyewe likiwa ndugu wa neno hilo la ushenzi. Katika nchi yake huvishwa njuga shingoni akiwinda, kwa sababu habweki kama mbwa wengine. Na huko Afrika Kusini, mbwa wa vijijini ambaye watu walikuwa wakimpiga mawe amepewa jina la heshima, Africanis, na wamejitokeza wataalamu kama Johan Gallant wa kumtetea nasaba yake. Mbwa wa Kwale ni wa ukoo huo. Ni mwepesi, hula kidogo, joto halimtishi. Kinachomfanya awe koko si damu yake. Ni kukosa mwenyewe.

Hapa nageuka kwa wale wa upande wangu, kwa sababu hoja ya kulea nayo ina aibu yake, na aibu hiyo tunaiona barabarani kila siku. Kilebu huombwa kwa furaha, huchezewa mwezi mmoja, kisha huachiwa. Hukua, huzaa, na watoto wake huzaa. Makundi ya mbwa wasio na wenyewe huranda Ukunda hadi fukweni. Huko Diani wanaishi mbega wenye mabega meupe, kima adimu ambao shirika la Colobus Conservation limekuwa likiwashughulikia tangu mwaka 1997. Mbega wanaposhuka chini kuvuka kutoka mti hadi mti, mbwa wasiofunzwa ni miongoni mwa vifo vyao. Tena uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imekaza zaidi. Kijana anayemlea mbwa kwa kumzoesha kufuata paa hadi ndani ya hifadhi hamlei mbwa wa kazi. Anajilea mwenyewe kwa ajili ya mahakama.

Na juu ya yote kuna kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mwanadamu, karibu hakuna anayepona. Nao karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani waliupata kwa mbwa. Chanjo imejulikana tangu Louis Pasteur alipomdunga kijana Joseph Meister mwaka 1885, na Kenya imejiwekea lengo la kuukomesha ugonjwa huu unaotokana na mbwa ifikapo mwaka 2030. Wataalamu wasema ikichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukatika. Hesabu hiyo haifikiwi kwa kuchanja mbwa wa mahoteli. Hufikiwa kwa kuchanja mbwa wa dungu na wa zizi, na mbwa huyo huchanjwa tu akiwa na mtu wa kumshika kamba na kumpeleka. Kilebu achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na aliyeumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asiende kwanza kumtafuta mganga wala kumuuliza mwenye mbwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Mwenye hoteli, mwenye ghala na yeyote ambaye haja yake ni ya leo, na anunue, lakini anunue baada ya kupima kama mafakihi walivyopima, na mlinzi atakayemshika mbwa huyo awepo tangu siku ya kwanza, afundishwe pamoja naye, na amri zigeuzwe kuwa za lugha ya mlinzi. Bila hayo amenunua kelele. Mfugaji asinunue kabisa. Mbwa wa mbuzi hauzwi akafaa, hulelewa. Na mkulima, ambaye ndiye wengi wetu, amlee kilebu wa mbwa jirani anaowajua kwa kazi, mmoja au wawili tu anaoweza kuwalisha na kuwachanja, na waliobaki wahasiwe ili tusizidishe makoko.

Tena nina ombi kwa wazee. Wasasi wa zamani wa Kidigo na wa Kiduruma wamebaki wachache. Uwindaji wenyewe umekwisha, na ni sawa uishe, lakini ilimu ya kumsemesha mbwa haikukatazwa na sheria yoyote. Kujua kilebu yupi kati ya sita ana moyo, kujua mlio wa mbwa aliyeona nyani na wa aliyeona mtu, kujua wakati wa kumsifu na wakati wa kunyamaza, hiyo ni hazina kama ilivyo hazina ya dawa na ya ngoma. Ikizikwa pamoja nao, wajukuu wao watalazimika kuinunua kutoka Ulaya, kwa bei ya Ulaya na kwa lugha ya Ulaya, na pengine kutoka kwa mtu aliyejifunza kwa kuwatazama mbwa wa Kiafrika. Wawaite vijana shambani wawafundishe. Na walimu wa madrasa nao, wanaposomesha mlango wa najisi, wasifunge kitabu kabla ya kuufikia mlango wa mbwa wa shamba, ili mtoto ajue kwamba kiumbe huyu ana haki ya maji na chakula hata kama hana ruhusa ya kuingia chumbani.

Nami, kwa kuwa mtunzi hakosi ubeti, nasema:

Kumnunua si kazi, kumlea ni thamani,
Umfunze kwa malezi, kabla hajenda mwituni,
Atakulinda na mwizi, na nyani wa mashambani,
Wa fedha hana mlezi, hujua bei sokoni.

Anayeona nimekosea na atoe hoja yake, na akiweza atoe na mbwa wake, tuwapime wote wawili shambani Matuga nyani wakishuka. Huko ndiko mahali pa kuamua.